Namna ya Kuandaa Mhadhara wa Hadhara Kuhusu Siasa, Sanaa na Mabadiliko ya Jamii

Mhadhara wa hadhara unapaswa kupimwa kwa jambo moja: je, mtu aliyekuja kusikiliza alipata nafasi ya kuuliza, na alipouliza, alijibiwa? Ukumbi mzuri, mtoa mada mwenye jina na kipaza sauti kisichokoroma vina thamani pale tu vinaposaidia jambo hilo litimie. Mwongozo huu ni kwa ajili ya vikundi vya wasomaji, vyama vya wanafunzi, vikundi vya sanaa na asasi ndogo za mitaani zinazotaka kuitisha mhadhara bila bajeti kubwa, hasa Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika Mashariki. Karibu kila ninachokishauri hapa kinalenga kulinda muda wa maswali, kwa sababu huo ndio muda unaoliwa kwanza kila ratiba inapochelewa.

Jadi ya mihadhara hii tunayo, na inafaa kuijua kabla ya kuanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha mwishoni mwa miaka ya 1960 kilikuwa na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, miongoni mwa walimu wake, na wanafunzi waliounda umoja wao wa kimapinduzi mwaka 1967 waliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili, nje ya mtaala, ambamo watu walikuja wakiwa wamesoma. Jarida lao, Cheche, lilianza mwaka 1969 na kupigwa marufuku mwaka uliofuata. Ukumbi wa Nkrumah wa chuo hicho ndio uliopokea Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika mwezi Juni 1974, na tangu mwaka 2008 Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa ambacho msomi wa sheria Issa Shivji alikuwa wa kwanza kukikalia, kimeirudisha mihadhara mikubwa katika chuo hicho. Mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka, alizungumza katika tamasha la Kigoda hicho la mwaka 2009. Nje ya vyuo vikuu kuna mifano isiyopungua uzito. Katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, Bunge la Mwananchi, yaani baraza la wazi la watu wa kawaida, limekuwa likijadili siasa likiwa limesimama, bila meza kuu wala mgeni rasmi, na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar watu hujadiliana barazani kwenye kahawa ya Jaws Corner. Anayeandaa mhadhara afanye jitihada ya kuunganisha mambo mawili kutoka katika jadi hizi: maandalizi ya wale waliokuwa wakisoma kabla ya kuja, na uhuru wa wale wanaojibizana uso kwa uso.

Anzeni na swali, si na mada

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kuchagua mada pana kama vile "Sanaa na mabadiliko ya jamii". Mada ya namna hiyo humruhusu mtoa mada kusema chochote, na humwacha msikilizaji bila mahali pa kushika. Badala yake, kikundi kikae kitafute swali moja ambalo wanakikundi wenyewe hawajakubaliana jibu lake. Mkikubaliana wote kwa dakika tano, lipeni swali hilo likizo mtafute jingine.

Nichukue mfano ambao nitaufuata hadi mwisho. Tuseme kikundi kinataka mhadhara kuhusu washairi na Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa mwezi Februari 1967. Baadaye Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze kwa wananchi, na Mathias Mnyampala, mmoja wa viongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, akaikuza ngonjera, yaani ushairi wa kujibizana unaoigizwa mbele ya watu, hata ikaimbwa shuleni na mikutanoni nchi nzima. Hiyo ni mada. Swali ni hili: msanii aliyekubali kuitumikia sera anabaki na nafasi gani ya kuikosoa? Likiulizwa hivyo, jambo la zaidi ya miaka 50 iliyopita linamgusa mwimbaji wa kwaya ya leo, mchora vibonzo wa gazeti na kijana wa singeli anayealikwa kutumbuiza kwenye kampeni. Linaalika pia ulinganisho wa kweli: huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi waliigiza mwaka 1977 tamthilia waliyoitunga pamoja na waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kibali chao kikafutwa baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushitakiwa kuanzia Desemba mwaka huo hadi Desemba 1978. Msikilizaji anayewekewa visa hivi viwili mbele yake tayari ana la kuuliza kabla mtoa mada hajafungua kinywa.

Swali likishapatikana, liandikeni kama lilivyo kwenye tangazo. Tangazo lenye swali huwaleta watu waliokwisha kuanza kulijibu njiani.

Kumpata mtoa mada na kumwandaa

Umaarufu ni kigezo dhaifu. Tafuteni mtu aliyefanya kazi na jambo lenyewe: mwanahistoria aliyesoma magazeti ya wakati ule, mwalimu mstaafu aliyefundisha ngonjera darasani, mshairi anayeendelea kuandika. Mwalimu mstaafu mara nyingi hudhani kuwa hana cha kusema mbele ya wasomi, na ni wajibu wenu kumweleza kwamba kumbukumbu yake ni ushahidi.

Barua ya mwaliko iwe ya ukurasa mmoja na iseme mambo yote waziwazi: swali linaloulizwa, muda atakaopewa, watu wa aina gani wanatarajiwa, nani mwingine atazungumza, kama kutakuwa na kurekodi, na atalipwa nini. Kama hakuna malipo zaidi ya nauli, liandikwe hilo, lisiachwe likafumbwa kwa maneno ya heshima. Mtu mzima akijua mapema huamua kwa hiari yake. Akigundua siku yenyewe huondoka na kinyongo, na ana haki.

Mwombeni aandike anachotaka kusema kwa Kiswahili, walau kwa muhtasari wa kurasa mbili, wiki moja kabla. Wasomi wetu wengi hufikiri mada zao kwa Kiingereza na huja na slaidi za Kiingereza, kisha wakasimama mbele ya mama lishe na fundi wa pikipiki wakitafsiri papo kwa papo, huku hoja ikipotea katikati. Mtu anayeombwa aandike mapema hupata muda wa kutafuta maneno yanayobeba hoja yake. Muhtasari huo huo ndio utakaosambazwa kwa watakaohudhuria, kwenye kundi la WhatsApp au kwa nakala chache za karatasi zitakazoachwa kwenye maktaba na vijiweni, ili watu waje wakiwa wamesoma.

Pamoja na mtoa mada, tafuteni wachokoza mada wawili, yaani watu wa kuijibu mada kwa ufupi ili mjadala uanze, na angalau mmoja awe mtu asiyekubaliana naye. Katika mfano wetu, mmoja anaweza kuwa mtunzi wa nyimbo za kampeni anayeona kwamba kazi yake ni halali kama kazi nyingine yoyote. Asialikwe ili aaibishwe. Aambiwe mapema atakabiliwa na hoja gani, naye apewe muhtasari siku ile ile unapopatikana.

Taarifa, barua na mihuri

Mada ikigusa siasa, waandaaji wengi hushikwa na woga ama wa kupita kiasi, wakaacha kabisa, ama wa kukwepa, wakafanya bila kumwambia mtu. Njia nzuri ni kuijua sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatoa uhuru wa maoni katika ibara ya 18 na uhuru wa kukutana katika ibara ya 20. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inamtaka anayeitisha mkusanyiko mahali pa hadhara kutoa taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo hilo si chini ya saa 48 kabla. Nchini Kenya ibara ya 37 ya Katiba inalinda haki ya kukusanyika kwa amani, na sheria inayosimamia mikutano ya hadhara inataka taarifa itolewe siku tatu hadi 14 kabla.

Hata kama mhadhara uko ndani ya ukumbi wa kulipia, nashauri barua iandikwe, kwa sababu wenye kumbi huiulizia na kwa sababu mjumbe au mtendaji wa kata aliyesikia habari hizo kwenu hawezi kudai kwamba alifichwa. Andikeni barua moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na nakala kwa ofisi ya serikali ya mtaa. Pelekeni nakala mbili za kila barua. Moja ibaki ofisini, na nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe, na mrudi nayo. Siku ya mhadhara nakala hiyo iwe ndani ya bahasha mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana, anayekaa karibu na mlango na ambaye ndiye atakayezungumza kwa utulivu na ofisa yeyote atakayefika kuuliza. Mtoa mada asiitwe jukwaani kwa jambo hilo.

Kama kutakuwa na onyesho la sanaa, ulizeni mapema baraza la sanaa, yaani BASATA kwa upande wa Tanzania Bara, au BASSFU kwa Zanzibar, kuhusu kibali kinachohitajika. Kipindi cha kampeni za uchaguzi ni bora kuahirisha mhadhara unaogusa vyama, isipokuwa kama lengo lenu ni mdahalo wa wagombea, ambao ni shughuli nyingine yenye masharti yake.

Mahali na saa

Ukumbi bora ni ule ambao watu wa kawaida hawaogopi kuuingia. Kumbi za hoteli zina viyoyozi, lakini mlinzi wa getini humwuliza kijana mwenye kandambili anakwenda wapi, na kijana huyo hatarudi. Maktaba, shule siku ya mapumziko, kituo cha sanaa kama Nafasi Art Space huko Mikocheni, au uwanja wa ofisi ya mtaa chini ya turubai, vyote vinafaa kuliko hoteli. Nendeni mkalione eneo saa ile ile ambayo mhadhara utafanyika, si asubuhi tulivu ya siku ya kazi. Hapo ndipo mtasikia spika za baa ya jirani, jenereta la fundi wa kuchomelea na mazoezi ya kwaya ya kanisa la ng'ambo. Kama paa ni la bati tupu na ni kipindi cha masika, kati ya Machi na Mei, jueni kwamba mvua ikinyesha hakuna kipaza sauti kitakachoshindana nayo, na tafuteni mahali pengine.

Kwa Dar es Salaam na pwani nzima, saa inayofaa ni kuanzia saa 10:00 alasiri, baada ya sala ya Alasiri, hadi saa 12:00 jioni, kabla ya Magharibi. Mwisho huo una sababu ya pili: wanawake wengi huanza kuondoka giza linapokaribia, kwa usalama na kwa majukumu yanayowangoja nyumbani, kwa hiyo kipindi cha maswali kinachosogezwa hadi usiku huwa kipindi cha wanaume. Jumamosi huwaacha nje Wasabato na Jumapili asubuhi huwaacha nje Wakristo wengine. Jumapili alasiri huwadhuru wachache zaidi. Mahali pawe karibu na kituo cha daladala au cha Mwendokasi, na tangazo litaje jina la kituo.

Viti vipangwe nusu duara, vichache kuliko mnaowatarajia, vingine vikiwa vimerundikwa pembeni tayari kuongezwa. Meza kuu iondolewe. Najua kwamba wengine wataona ni kukosa adabu, lakini meza ndefu yenye kitambaa na maua huwaambia watu waliokaa mbele yake kwamba kazi yao ni kupiga makofi. Pawe na njia ya kiti cha magurudumu tangu getini, na kama kuna viziwi watakaohudhuria, mkalimani wa lugha ya alama asimame mahali penye mwanga karibu na mtoa mada, akiwa amepewa muhtasari kama wengine.

Ratiba na kiongozi wa mjadala

Mhadhara wa saa mbili ugawanywe hivi: dakika tano za kufungua, dakika 35 za mtoa mada, dakika kumi kwa kila mchokoza mada, na saa moja nzima ya maswali na michango. Wanaouona mgawanyo huu kwa mara ya kwanza hudhani mtoa mada amepunjwa. Hajapunjwa, atazungumza tena kila anapojibu, na atayasema mambo ambayo watu wanataka kweli kuyajua.

Adui mkubwa wa ratiba hii ni itifaki. Mgeni rasmi anayesubiriwa kwa dakika 50, salamu za wadhamini, utambulisho wa kila mwenye cheo aliyepo, na neno la shukrani kabla hata mada haijatolewa: hivi pamoja huweza kuimeza saa nzima. Ushauri wangu ni kutokuwa na mgeni rasmi kabisa. Kiongozi aliyehudhuria akaribishwe kwa heshima zote, apewe kiti kizuri, na achangie kwa zamu yake kama wengine. Sentensi moja, "itifaki imezingatiwa", inatosha, na watu wetu wameizoea. Mhadhara uanze saa iliyotangazwa hata kama viti nusu ni vitupu, kwa kuwa kuwasubiri waliochelewa ni kuwaadhibu waliowahi, na mwezi unaofuata wote watachelewa.

Kiongozi wa mjadala ndiye mtu muhimu kuliko wote ukumbini, na bado huchaguliwa dakika za mwisho. Huyu si mshereheshaji wa harusi. Awe amesoma muhtasari, ajue majina ya wazungumzaji na namna ya kumkatisha mzee kwa adabu. Kauli kama "Mzee wangu, shikamoo, tumelipokea hilo, naomba tulisikie swali" hufanya kazi pale ambapo kengele na kadi nyekundu huzaa ugomvi. Dakika tano kabla muda wa mtoa mada haujaisha, amwonyeshe karatasi yenye tarakimu 5 iliyoandikwa kwa kalamu nene, na muda ukiisha asimame. Kusimama kwake kunatosha.

Kipindi cha maswali

Mazoea ya kukusanya maswali matatu au manne kisha kumwachia mtoa mada ajibu yote kwa pamoja yaachwe. Mtoa mada, hata aliye mwaminifu, atajibu lile jepesi kwa urefu na lile gumu atalipita kwa kusema kwamba limeshagusiwa. Swali moja lijibiwe, aliyeuliza aulizwe kama ameridhika, aruhusiwe kuuliza mara moja zaidi, kisha twende kwa mwingine. Hivyo maswali yatakuwa machache, lakini kila mtu ataona hoja ikisogea.

Swali la kwanza huweka hali ya hewa ya ukumbi mzima. Likiulizwa na profesa kwa dakika sita, kijana wa nyuma atarudisha swali lake mfukoni. Kiongozi wa mjadala aanze na viti vya nyuma, na aanze na mwanamke au kijana, na kama hakuna mkono ulionyooshwa, awape watu dakika tatu wazungumze na jirani zao kwanza. Baada ya dakika hizo mikono huwa mingi, kwa sababu mtu ameshalijaribu swali lake kwa mtu mmoja na hakuchekwa. Anayezungusha kipaza sauti asikiachie mkononi mwa mwulizaji. Akishike mwenyewe mbele yake, na dakika mbili zikitimia akirudishe kwake.

Kwa mada za siasa, gawieni pia vikaratasi na kalamu mlangoni kwa wanaopenda kuuliza bila kujitaja. Mtumishi wa serikali, mwalimu wa shule ya umma au msanii anayetegemea kazi za kampeni anaweza kuwa na swali zito kuliko yote na sababu nzuri ya kutosimama. Vikaratasi visomwe kwa sauti kama vilivyoandikwa, bila kusafishwa ukali wake, ilimradi havimtukani mtu. Kwa sababu hiyo hiyo fomu ya mahudhurio iwe ya hiari. Semina za miradi zimetuzoesha kujaza jina, simu na sahihi ili tupewe posho. Kwenye mhadhara wenu semeni tangu kwenye tangazo kwamba posho haipo, ila kuna maji, kahawa na maandazi, na anayetaka kupata taarifa za mhadhara ujao aache namba yake. Taarifa hizo zitunzwe kwa uangalifu, kwani Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2022 na Kenya tangu mwaka 2019.

Sanaa iwe sehemu ya hoja

Katika mikutano mingi ngoma huchezwa watu wakiwa bado wanatafuta viti, na mshairi huitwa "kuburudisha" wakati kipaza sauti kinarekebishwa. Hili linaniuma, hasa pale mada yenyewe ni sanaa. Kama mna kikundi cha ngonjera, kiwekeni katikati, baada ya mtoa mada na kabla ya wachokoza mada, kwa dakika kumi zinazokatwa kwenye muda wa maswali kwa makubaliano ya wazi, na wasanii wakae mbele na waulizwe maswali kama wazungumzaji wengine. Walipwe pia kama wao.

Na chagueni kazi yenye mvutano. Ngonjera nyingi za wakati wa Azimio humweka asiyejua akibishana na anayejua, na mwisho asiyejua hushawishika na kukubali. Itumbuizeni kama ilivyo, kisha wapeni wasikilizaji nafasi ya kuandika ubeti mmoja ambao yule asiyejua angeusema kama asingekubali. Beti tatu au nne zikisomwa, mtoa mada atakuwa na kazi ya kujibu hoja ambazo hakuziandaa, na swali la kama msanii anaweza kuitumikia sera na bado akaikosoa litakuwa limejaribiwa mbele ya macho ya watu wote.

Baada ya mhadhara

Rekodini sauti kwa vifaa viwili, kimoja kikiwa karibu na mtoa mada na kingine kikiwa na anayezungusha kipaza sauti, maana rekodi nyingi zina mada iliyo safi na maswali yasiyosikika kabisa. Tangazeni mwanzoni kwamba kunarekodiwa, na muwatengee wasiopenda kupigwa picha upande mmoja wa ukumbi. Kama mnakusudia kurusha mubashara au kuendesha chaneli ya kudumu mtandaoni, ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kuhusu leseni kabla, si baada ya malalamiko.

Ndani ya wiki mbili andikeni kurasa nne au tano: hoja ya mtoa mada kwa ufupi, hoja za wachokoza mada, na maswali yote, yakiwemo yale yaliyokosa majibu. Mtoa mada aipitie sehemu yake kabla haijasambazwa. Hesabu ya fedha, yaani kiasi kilichochangwa, kilichotumika kwa ukumbi, vipaza sauti, nauli na kahawa, iwekwe kwenye ukurasa wa mwisho ambapo kila aliyechangia ataiona. Kisha kikundi kikae na orodha ya maswali yaliyokosa majibu na kuchagua mojawapo liwe swali la mhadhara unaofuata, na aliyeliuliza, kama alijitaja, aalikwe kwenye kikao cha maandalizi.